Chapa Isiyoonja Moto

Ng'ombe ana harufu zake, na Sajini Wilibrodi Tluway alizijua zote tangu utoto wake Mbulumbulu: ya maziwa, ya jasho la jembe, ya kidonda kilichoingia funza. Harufu aliyoikuta asubuhi ile kwenye paja la mtamba wa kesi haikuwamo. Ilikuwa ya yai viza, na nyuma ya yai kulikuwa na kitu kingine kikali kilichompanda puani mpaka macho yakalengwa na machozi.

"Unamnusa ng'ombe?" Inspekta Ismaili, mkuu wa kituo, alikuwa barazani na kikombe cha chai, akikwepa manyunyu. "Nilikutuma ukamnyweshe maji, si ukamnuse."

"Ananuka, afande."

"Siku ng'ombe asiponuka ndiyo uje uniambie."

Mtamba, jike ambaye hajazaa bado, alikuwa amefungwa kwenye mti wa mgrivea nyuma ya kituo cha polisi cha Karatu. Mwekundu mgongoni, mweupe mapajani, mnene, wa kupendeza. Kwenye paja la kushoto palikuwa na chapa ya ukubwa wa kiganja, herufi P yenye mstari chini yake, na juu ya chapa mtu alikuwa amepaka oili chafu ya gari. Manyunyu ya tangu alfajiri yalikuwa yameilowesha ile oili, na ndipo harufu ilipoamka.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Tobiko, kijana wa Kimasai wa Piyaya, alikuwa akimpeleka mtamba kwa wakwe zake chini ya mlima Oldeani. Mtamba akampotea malishoni. Baada ya kumtafuta weee, akamkuta ndani ya zizi la Patrisi, mchuuzi wa ng'ombe wa Endamarariek, akaingia mchana kweupe akamtoa. Patrisi akapiga ukunga wa mwizi, watu wakajaa, Tobiko akafungwa kamba.

Kila mmoja alisema mtamba ni wake. Tofauti ni kwamba Patrisi alikuwa na jibu la kila swali. Sikio la mnyama limekatwa Kimasai? Ndiyo, alimnunua kwa Wamasai akiwa ndama. Chapa? Yake, alimchoma mwenyewe mwaka jana. Alileta hata chuma cha chapa kituoni bila kuombwa. Kikawekwa juu ya paja la mtamba, kikalala pale sawasawa.

Kwa hiyo Inspekta alikwisha kuamua. Saa nane mchana lori la Patrisi lingekuja kumchukua mtamba, kesho yake mnada, keshokutwa mnyama ni nyama. Na Tobiko angepelekwa Mbulu kujibu shitaka la wizi wa mifugo, ambalo kifungo chake si cha kusubiriwa na mchumba wala wakwe.

"Afande, chapa ya mwaka jana inapakwa oili ya nini?"

"Kupe."

"Kupe hakai juu ya kovu. Anakaa sikioni na chini ya mkia."

"Sajini." Inspekta alikuwa mtu wa Lindi. Hakuogopa jambazi wala bunduki, ila miguu ya nyuma ya ng'ombe aliiheshimu, na tangu kesi ianze hakuwahi kumsogelea yule mnyama. "Saa nane. Ukiwa na neno, uwe nalo kabla ya hapo. Ukiwa na harufu, kaa nayo mwenyewe."

Wilibrodi alifunga kitambaa cheupe kwenye ncha ya kijiti na kulifuta paja kwa mbali, maana mtamba alirusha teke kila alipoguswa. Kitambaa kilirudi na mambo matatu. La kwanza, oili. La pili, vipande vya nywele za ng'ombe vilivyolegea na kuteleza mithili ya bamia. Alivitazama sana hivyo. Nywele iliyoungua hujikunja na kuwa na kichwa cheusi. Hizi hazikuwa zimeona moto. La tatu lilimshinda kabisa: pembezoni mwa chapa, mahali nywele nyeupe zilipobaki, kitambaa kilichukua rangi ya zambarau.

Ng'ombe gani anatoa zambarau? Alikitia kitambaa kwenye mfuko wa plastiki na kwenda rumande.

Tobiko alikuwa amekaa chini, shuka lake jekundu limekunjwa magotini, hana haraka.

"Huyo mtamba alikuwa na chapa ulipompoteza?"

"Hapana. Kwetu ng'ombe inachomwa ikishazaa. Paja yake ilikuwa nyeupe tupu."

"Sasa utamjuaje kuwa ni wako?"

Kijana alimtazama kwa kumhurumia. "Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Akisimama kwa wamama mia moja, utatafuta chapa?"

Wilibrodi alifunga mlango wa rumande. Alicheka peke yake mpaka nje.

Alianzia kwa bwana mifugo, Alfonsi, aliyekuwa joshoni akisubiri ng'ombe wa kuogesha. Kama kuna dawa ya ng'ombe yenye harufu ile, Alfonsi angeijua. Bwana mifugo alifungua mfuko, akanusa, akaurudisha mbio.

"Si dawa ya josho. Ya josho inanuka lami. Unga wa salfa wa ukurutu unakaribia hapo kwenye yai, lakini hauchomi pua hivi."

"Una salfa mwaka huu?"

"Salfa? Hata chumvi ya mifugo sina, Sajini. Hii imetoka dukani kwa mtu mwingine, siyo serikalini."

Njia hiyo ikaishia hapo. Jua lilikuwa limepanda nyuma ya mawingu, na Wilibrodi alirudi kituoni akiwa na kitambaa kile kile na hasira kidogo. Hapo barazani akapishana na Mama Siwema, mke wa Inspekta, aliyemletea mumewe chakula kwenye hotipoti. Manyunyu yalikuwa yamemkuta njiani, khanga imeteleza kichwani, na nywele zake, zilizokuwa mawimbi mawimbi yanayong'aa, zilikuwa zimelowa.

Yai viza. Na kile kikali cha nyuma yake.

Wilibrodi alisimama palepale. Kumuuliza mke wa mkubwa habari za harufu yake ni kujitafutia uhamisho, lakini saa nane ilikuwa haiko mbali.

"Shikamoo, mama. Samahani sana. Hizo nywele umetengeneza wapi?"

"Marahaba, Sajini. Umezipenda?" Mama Siwema alifurahi waziwazi. "Kalikiti hii. Kwa Domitila, nyuma ya mashine ya kusaga. Mpeleke mkeo."

"Na hii... harufu?"

"Ikilowa tu ndiyo inasikika. Uzuri una adha zake, mwanangu."

Kutoka ofisini Inspekta aliwatazama wote wawili kwa jicho moja. Wilibrodi alipiga saluti, akageuka, akaondoka mbio.

Saluni ya Domitila ilikuwa chumba kimoja chenye kioo, viti viwili na benchi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa Singida, binti wa vibarua wa mashamba ya ngano, aliyejifunza kazi Moshi na kurudi na maneno mengi. Siku hiyo maneno yalimpungukia.

"Kalikiti?" alisema. "Mimi nasuka tu, kaka, mitindo ya twende kilioni na tatu kichwa. Kalikiti watu wanafanyia Arusha."

"Mama Siwema amenielekeza hapa."

Domitila akafuta kioo kisicho na vumbi. Wilibrodi aliona mkono unarudia pale pale na akajua anaogopa. Alichokuwa hajui ni kama anaogopa la ng'ombe au lingine. Akalitaja hilo lingine mwenyewe.

"Dada Domitila, sikuja kwa magendo. Kuna kijana atafungwa leo kwa ng'ombe wake mwenyewe, na ng'ombe huyo ananuka dawa yako. Nataka kujua inafanya nini, basi."

"Ng'ombe ananuka kalikiti?"

"Pajani."

Hapo udadisi ukaushinda woga. Domitila alifunga mlango, akainama chini ya benchi na kutoa chupa ya plastiki iliyozungushiwa kitenge.

"Kuna maji ya kwanza na maji ya pili," alisema. "Nywele ina vifungo ndani yake. Maji ya kwanza yanavifungua, nywele inalegea, naizungusha kwenye rola. Maji ya pili yanafunga tena, nywele inashika umbo la rola. Harufu ni ya haya ya kwanza."

Wilibrodi alisoma karatasi ya chupa. Yalikuwa maandishi madogo ya Kizungu, na katikati yake neno refu la asidi ya thioglaikoliki. Kemia ya kidato cha nne ilikuwa imemtoka karibu yote, ila hicho kipande cha mbele, thio, alikikumbuka: mwalimu wao alikuwa akikipigia ubao. Maana yake mna salfa ndani. Hilo ndilo yai viza. Na hicho kikali ni amonia, imeandikwa pembeni.

"Ukiyaacha maji ya kwanza yakae sana?"

"Nywele inachoka, inakatika. Lakini haing'oki yote, labda... Umesikia ya yule bibi harusi?"

Nani Karatu hakuyasikia? Bibi harusi mmoja aliingia kwa Domitila na nywele akatoka na upara wa upande, na mji mzima ukasema Domitila amemchoma.

"Sikumchoma," alisema Domitila, na sasa sauti ilikuwa na uchungu wa kweli. "Mtoto wa watu alikuwa ameloweka kichwa kwenye maji ya magadi. Eti yanalainisha maharage, yatashindwa nywele? Hakuniambia. Nimepaka dawa, nageuka kuchukua rola, narudi na kitana, nywele zinakuja nazo. Zimekuwa uji. Na ngozi nzima, haina hata lengelenge. Magadi yameipa ile dawa ukali ambao haina. Ndipo aliposema, analia. Wateja wangu wamekimbia wote, amebaki mke wa bosi wako na wachache."

Wilibrodi aliupapasa mfuko wenye kitambaa. Nywele zimekuwa uji, ngozi nzima.

"Siku hiyo nani mwingine alikuwa humu?"

"Bernadina, anasubiri zamu. Na mumewe pale kwenye benchi, alikuwa amemsindikiza."

"Mumewe nani?"

"Patrisi wa Endamarariek, anayeuza ng'ombe. Waliokuja kuchungulia, wengine walicheka, wengine walisikitika. Yeye aliuliza. Magadi kiasi gani, yamekaa muda gani, nywele zitaota tena lini. Nikaona mwanamume wa ajabu huyu. Jioni nikahesabu chupa zangu, moja haipo. Nikamshuku Bernadina. Nimemnunia mpaka leo."

"Au ulimuuzia Patrisi, halafu unaniambia imepotea."

"Kaka, ningeuza chupa kwa mtu wa ng'ombe, wakati natembea na basi mpaka Namanga roho mkononi kuitafuta?"

Lilikuwa jibu zuri, lakini majibu mazuri hata Patrisi alikuwa nayo. Wilibrodi alitaka kuiona dawa. Domitila akamimina kidogo kwenye beseni la plastiki, na Sajini akachomoa kisu chake cha mfukoni aikoroge. Alipigwa kibao cha mkono.

"Chuma hakiingii humu. Huoni hapa kila kitu plastiki? Kitana, rola, beseni, vibanio. Hilo ndilo somo la kwanza, kabla hata hujagusa kichwa cha mtu."

"Kikiingia?"

"Inaharibika. Inakuwa na rangi."

"Rangi gani?"

Domitila hakutaka kupoteza dawa, lakini mtu aliyeuliza hivyo haondoki. Akamwonyesha msumari wenye kutu ukutani. Wilibrodi aliung'oa na kuutumbukiza. Maji yalikuwa meupe. Yakaanza kubadilika kuuzunguka msumari, kidogo, halafu yakaenea, mpaka beseni zima likawa zambarau.

Alitoa kitambaa chake na kukilaza kando ya beseni. Ilikuwa rangi moja.

"Basi si wewe," alisema Wilibrodi taratibu, akijisemea mwenyewe zaidi. "Aliyempaka yule mtamba ametumia chuma. Mtu wa saluni asingethubutu. Huyu ni mtu aliyezoea kushika chuma kila anapoweka chapa, hata siku ambayo hahitaji moto."

Akamwomba aje kituoni saa nane na chupa yake. Domitila alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Nitaulizwa nimeitoa wapi. Mwaka juzi, kwenye ule msako wa walanguzi, shangazi yangu alichukuliwa kwa katoni ya sabuni. Na huyo Mmasai hata hanijui."

"Hakujui."

"Usinilazimishe, kaka."

"Sikulazimishi," alisema, na ilimuuma kusema hivyo.

Lori lilifika kabla ya saa nane. Patrisi aliteremka na kofia yake mkononi, akamsalimia kila mtu kwa adabu, mpaka mahabusu. Wilibrodi aliomba jambo moja tu kwa Inspekta: Tobiko afunguliwe amshike mtamba. Kijana alimwendea mnyama, akasema naye maneno mawili ya Kimaa, akaweka kiganja shingoni. Yule mpiga mateke wa asubuhi akasimama kimya huku Wilibrodi akimsugua paja kwa mafuta ya taa na sabuni.

Oili iliondoka. Chapa ikabaki wazi, ya waridi.

"Gusa, afande."

"Ataniua."

"Hataki hata kutikisika. Gusa."

Inspekta Ismaili alinyoosha kidole cha shahada akiwa amejitenga mwili mzima. Akagusa, akagusa tena.

"Laini."

"Kovu la moto ni gumu kuliko kisigino, na halioti kitu. Hapa tazama kwa karibu, vinyweleo vinachungulia. Huyu hakuchomwa mwaka jana wala mwaka wowote. Amepakwa dawa ya kalikiti iliyochanganywa na magadi. Inayeyusha nywele na kuacha ngozi."

"Ngozi nyeupe ndivyo ilivyo, mkuu," alisema Patrisi kwa upole. "Na moto wangu siku ile ulikuwa mdogo. Hii habari ya dawa ndiyo naisikia leo. Dawa gani? Iko wapi? Nani Karatu hii anasema ni yake?"

Inspekta alimgeukia Wilibrodi. "Unayo?"

"Sina, afande."

"Anayeimiliki?"

Kulitaja jina ilikuwa kumfunga mmoja ili kumfungua mwingine. Tobiko alikuwa akimwangalia, mkono bado shingoni mwa mtamba, na dereva wa lori alikwisha kuteremsha ubao wa nyuma. Patrisi alivaa kofia yake.

"Ni yangu."

Domitila alikuwa amesimama kwenye kona ya jengo, beseni la plastiki mkononi, chupa ndani ya beseni, mwavuli kwapani. Alikuwa amelia njiani, ilionekana, na alikuwa ameshamaliza.

"Chupa ni yangu, na mwenzake aliibwa saluni kwangu siku aliyokaa Bwana Patrisi kwenye benchi langu akiuliza habari za magadi. Nipeni hicho chuma."

Hakuna aliyemzuia. Alimimina dawa kwenye beseni, akachukua chuma cha chapa kilichoegemezwa ukutani, akakizamisha kichwa chake chote ndani. Mahabusu waligandamana dirishani. Maji yakageuka polepole, ile herufi P ikazama katika zambarau, na Wilibrodi akaweka kitambaa chake kando, kisha akamwelekeza Inspekta kwenye ukingo wa chapa ya mtamba, ambapo nywele nyeupe zilikuwa na rangi ile ile.

"Bwana Patrisi," alisema Wilibrodi, "ungepaka kwa kijiti, leo ungeondoka na mtamba. Kwa nini chuma?"

Patrisi aliutazama mkono wake, kisha chuma. Ni kweli wanavyosema, mazoea yana tabu.

"Bila chuma isingekuwa chapa yangu," alisema.

Alisikia mwenyewe alichosema, lakini lilikuwa limeshatoka. Koplo wa zamu akamshika mkono na kumwingiza ndani, kwenye chumba ambacho Tobiko alikuwa amekipasha joto.

Ikabaki chupa. Inspekta Ismaili aliichukua, akaigeuza, akasoma kilichoandikwa chini yake kuhusu Nairobi, akapata sura ya kazi.

"Mama, mzigo huu umeingiaje nchini?"

"Kwa Namanga, kwenye kikapu, na risiti sina." Domitila alisimama wima. "Andika, afande. Na ukishaandika hilo, andika na vichwa vyote nilivyovipaka, nikutajie kimoja kimoja. Nianze na cha nyumbani kwako?"

Inspekta aliitazama hotipoti iliyoonekana dirishani, juu ya meza yake. Akaipapasa mifuko, wa kushoto na wa kulia.

"Sajini, hii kalamu haiandiki," alisema. "Mpe mama beseni lake aende."

Tobiko alimfungua mtamba. Alipofika kwa Domitila alisimama, akainama, akalinusa lile paja na kukunja uso.

"Mama, nywele itaota?"

"Itaota. Mizizi haikuguswa. Ya bibi harusi imeshaanza."

"Na wakwe wakiuliza hii harufu?"

Domitila alimtazama mnyama, akamtazama kijana aliyekuwa hamjui, kisha akaipaza sauti ifike mpaka ofisini na ng'ambo ya barabara, kwa kila aliyewahi kusema amemchoma mtoto wa watu.

"Waambie ni ya kalikiti ya Domitila wa Karatu."